Nyuki, kanda na sabufa: muziki ulivyotufikia Mpanda

Najua kijiwe kimepoa wiki tatu hivi. Tes zilibana, halafu kila Ijumaa jioni mwenzenu napanda gari hapa Kibaoni, tunakatiza hifadhini, tunawapita viboko wa Sitalike, naingia Mpanda kupiga muziki. Narudi Jumapili usiku sauti imekauka. Kwa wasiojua: darasani nasoma mambo ya nyuki, wikiendi napiga gitaa la rithim kwenye bendi ndogo ya harusi na kumbi. Bumu likichelewa, gitaa ndo linanilisha.

Sasa hosteli washkaji wananiuliza kila siku: "Wewe mwanamuziki gani, simu yako imejaa nyimbo za wazee zenye mikwaruzo? Halafu badala ya sabufa unasikilizia hedifoni za waya?" Jibu langu ni refu, kwa hiyo nimeamua nilimwage hapa mara moja. Ni historia kidogo, vuta kiti.

Kwa kifupi ni hivi. Muziki wa kurekodiwa ndo mwalimu mkuu wa sisi tunaopiga, na ni huyohuyo anayetunyang'anya mkate. Imekuwa hivyo toka enzi za santuri. Na kila chombo kipya kilipokuja, kiliamua nani asikike na nani afifie. Mtu wa Katavi amekaa upande wa kusikiliza kwa muda mrefu sana, maana studio zote zilikuwa mbali. Ndo maana nadhani sisi hasa inatuhusu kujua tunasikiliza nini.

Naanza na nyuki, na wenzangu wa kozi msicheke. Mwaka 1877 Thomas Edison kule Marekani alinasa sauti kwenye karatasi ya bati iliyozungushiwa mcheduara. Ilisikika, lakini bati lilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu. Miaka kumi baadaye, 1887, akaja Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, na gramafoni yake ya sahani. Alichukua sahani ya zinki, akaipaka tabaka jembamba lililotengenezwa kwa nta ya nyuki. Sindano ikichezeshwa na sauti, inakwangua nta, zinki inabaki wazi kwenye ule mstari. Halafu unatumbukiza sahani kwenye tindikali, inakula pale palipokwanguliwa tu. Umepata mfereji wa sauti. Nta ya nyuki, jamani! Hii hii tunayoikamua hapa na kuisahau kwenye ndoo.

Enzi za ukoloni Tanganyika ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa nta duniani, na kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye miombo ya huku magharibi, ambako Wakonongo, Wabende na Wapimbwe walitundika mizinga ya magome na magogo. Sisemi nta ya Inyonga ndo iliyofika kwa Berliner, msinishike shati. Nasema tu kwamba nikiwa maabara nashika nta, siwezi kuiona kama kitu cha mishumaa peke yake.

Na sahani zilizouzwa madukani? Zile nzito za zamani, ukidondosha inavunjika kama sahani ya udongo, zilitengenezwa kwa shelaki. Shelaki inatokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye miti ya India na nchi jirani, ndugu yake ile lakiri ya kufungia bahasha za serikali. Kwa hiyo kabla ya plastiki kushika soko, baada ya mwaka 1948 kulipotoka sahani ndefu za vinaili, muziki wa dunia nzima ulikuwa unabebwa na wadudu.

Ndo kwa sahani za namna hiyo Siti binti Saad wa Zanzibar alisikika. Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Fikiria: ili Mswahili asikike nyumbani kwake, ilibidi sauti iende India kwanza halafu irudi na meli. Na ilirudi imekatwa. Sahani ile ilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika tatu na kitu. Taarabu ya barazani haina saa, ila ya kwenye sahani ilibidi iishe sindano ikikaribia katikati. Tangu siku hiyo urefu wa wimbo ukawa unapangwa na mashine, na mpaka leo ukiniambia "nitungie wimbo" mkono wangu unatunga wa dakika tatu hadi nne bila hata kuulizwa!

Santuri ikawa mwalimu pia. Kuanzia mwaka 1933 kampuni hiyohiyo ilitoa mfululizo wa sahani zenye herufi GV, nyimbo za Kuba zilizouzwa Afrika. Vijana wa Kongo na wa kwetu wakazisikiliza mpaka zikaisha mifereji. Salum Abdallah wa Morogoro akaanzisha kikundi mwaka 1948, kikiitwa La Paloma, baadaye kikawa Cuban Marimba Band. Angalia majina hayo kisha niambie kama santuri haikufundisha. Kuba yenyewe ilikuwa imeifuata biti ya Waafrika waliopelekwa huko utumwani, kwa hiyo biti ilikuwa inarudi kwao, safari hii kwa njia ya sindano.

Sasa turudi huku kwetu. Mpanda mjini tunavyoujua uliletwa na madini ya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianza kujengwa reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, kwa ajili ya mgodi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Na reli ile haikubeba mawe tu. Ilitufunga na Tabora, na Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, wana Segere Matata. Mle ndani alikuwemo Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz kabla hajahamia Tabora miaka ya 1970. Alifariki mwaka 2014, na mpaka leo harusini mzee mmoja lazima aje jukwaani aniombe Dada Asha. Hata jijini Dar watu wa magharibi walikuwa na bendi yao, Western Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kujulikana kwa mtindo wa Saboso.

Kilichowafikisha hao wote kwenye vibaraza vya Mpanda ni redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, mwaka 1956 likawa shirika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. RTD haikuwa redio tu, ilikuwa studio. Bendi inafika, maneno ya nyimbo yanapitiwa kwanza kama yanafaa, halafu wanaingia chumbani wote: waimbaji, magitaa, tumba, tarumbeta. Wanapiga kwa pamoja, kanda inazunguka. Hakuna kumwambia mpiga besi "njoo kesho uweke ya kwako". Mmoja akikosea, wote mnaanza upya.

Na pale ndo palipokuwa na raha ya kanda. Santuri ndogo za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na wimbo mrefu ilibidi ukatwe: sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sehemu ya pili upande wa pili. Maneno juu, chemko chini. Kanda ya RTD haikuwa na haja ya kugeuzwa. Bendi ikapata nafasi ya kusema hadithi yake yote halafu ikachemka mpaka itosheke, kama ukumbini. Halafu Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kufika kiwandani Nairobi kukawa kazi ngumu. Studio ya redio ikazidi kuwa ndo mlango wa bendi nyingi. Hela ya mauzo hakuna, lakini nchi nzima inakusikia.

Tatizo ni jinsi tulivyosikia. Mpanda kwa miaka mingi umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na vijijini hata huo hakuna. Muziki ulikuwa wa betri. Mtu ana redio moja ya mbao, spika upana wa kiganja. Matangazo ya masafa ya kati yenyewe yanabana sauti, juu ya kama hezi 4,500 hakuna kitu, wakati sikio la kijana linafika karibu hezi 20,000. Chini nako ile spika ndogo haiwezi kuvuta besi, nyuzi nzito ya gitaa la besi iko hezi 41 tu. Usiku stesheni zinapandana, na Burundi na Kongo ziko jirani hapo. Kwa hiyo kilichobaki ni katikati: sauti za waimbaji na magitaa. Bahati nzuri, muziki wa dansi roho yake iko hapohapo katikati!

Bendi yetu ina mzee anayepiga solo. Ananiambia yeye alijifunza gitaa bila kuona mkono wa mtu, ni redio tu. Wimbo ukipigwa asubuhi anadaka mistari miwili, anasubiri siku utakapopigwa tena adake miwili mingine. Baadaye zikaja redio kaseti, akawa anarudisha kanda kwa kalamu ya Bic ili asimalize betri. Betri zikichoka anazianika juani, na zikiwa zimechoka kaseti inazunguka taratibu, sauti inashuka. Basi na yeye anashusha nyuzi zake zifanane na kaseti. Mpaka leo, wadau, gitaa lake analifunga chini kidogo kuliko letu, na kila Jumamosi tunaanza na mabishano hayo. "Shikamoo mzee, leo tunakufuata wewe au tunafuata kinanda?" Anatutazama tu.

Kaseti hiyo nayo ni ya kuitazama vizuri. Philips waliitoa mwaka 1963. Kanda za studio hukimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde, kaseti inakimbia sentimita 4.76 tu, na utepe wenyewe mwembamba. Maana yake sauti inabanwa kwenye nafasi ndogo, na mvumo wa "shhh" unaingia. Halafu ikaja kunakili: kaseti kwa kaseti, kwa kaseti. Kila nakala inapunguza kitu na kuongeza mvumo. Ndo mikwaruzo mnayoicheka kwenye simu yangu. Na kila nakala ilimpita mwenye wimbo bila kumwachia senti. Sheria ya hakimiliki ikatungwa upya mwaka 1999, COSOTA ikaanzishwa, lakini wazee wengi wa dansi walikuwa wameshachoka au wameshazikwa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki zamani kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Miaka ya 1990 redio binafsi zikafunguliwa, Radio One ikaanza mwaka 1994, kompyuta zikaingia studio, Bongo Flava ikazaliwa. Naipenda, sijaja kuisema vibaya. Ila kwa mpiga ala ukweli ni mmoja: prodyuza mwenye kompyuta alifanya kazi ya watu nane. Vijana wengi wakapata mlango ambao bendi zilikuwa hazina, na wapiga tarumbeta wakakosa wa kuwaita. Huku kwetu ikaja zama ya vibanda vya stendi: unatoa memori kadi, jamaa anakuingizia nyimbo mia kwa bei ya soda. Nyimbo zenyewe zimebanwa kwa MP3. CD inatumia kilobiti 1,411 kwa kila sekunde, MP3 ya 128 inatumia kama sehemu moja ya kumi na moja. Programu inatupa vile inavyodhani sikio halitavijua. Mara nyingi inapatia. Lakini ikinakiliwa na kubanwa tena na tena, matoazi yanaanza kulia kama mtu anakaanga kitu.

Halafu sabufa. Hapa ndo pananiuma, maana ni kazini kwangu. Sabufa ya kawaida ya baa na bodaboda imetengenezwa isukume chini, kwenye besi na kiki. Nashukuru, ukumbi wenye bati unahitaji besi, maana sauti za juu zinagonga bati na kurudi kama mvua. Hata ngoma za wazee zilikuwa na mvumo wa kifuani. Lakini gitaa la rithim linaishi katikati, kulekule ambako redio ya mbao ilikuwa inatusaidia. Kwenye sabufa mimi sipo. Mwenye harusi amezoea sabufa nyumbani, akija kutusikia anaona bendi ina kasoro, "mbona haipigi?" Kamati inakaa, inasema bendi ya nini, DJ yupo na flashi yake. Watu sita tunakosa posho. Na hakuna mtu mbaya hapo, ni masikio tu yaliyofundishwa na chombo kingine.

Ndo nikaanza kusikiliza kwa makusudi. Wenye hela wanaita hai-fai, maana yake uaminifu mkubwa: sauti itoke kama ilivyoingia. Mimi mtu wa bumu sina amplifaya za milioni, nina hedifoni za waya nzuri kiasi na faili lisilobanwa. Nikiweka rekodi safi ya RTD, kitu cha kwanza ninachosikia ni chumba. Rekodi nyingi za zama zile ni za mono, njia moja, hakuna kushoto wala kulia. Mizani ilipangwa kwa miguu: anayetakiwa kusikika anasogelea maikrofoni, akimaliza anarudi nyuma. Unamsikia mwimbaji anavyosogea. Unasikia tumba zinavuja kwenye maikrofoni ya waimbaji. Na rithim ipo, inakata kata pale katikati, haisifiwi, lakini ikinyamaza wimbo unaanguka.

Sasa chukua wimbo wa leo uliopikwa vizuri, sikiliza kwa hedifoni hizohizo. Usafi mkubwa, kila kitu mahali pake. Ila uaminifu kwa kitu gani? Hapakuwa na chumba. Hakuna tukio ambalo rekodi inaliiga, rekodi yenyewe ndo tukio. Sioni ubaya, ni sanaa nyingine. Lakini mwanafunzi wa gitaa akisikiliza hizo tu, hatajifunza jambo kubwa la kazi yetu: kumwachia mwenzako nafasi.

Mikwaruzo nayo tuielewe. Mara nyingi mkwaruzo uko kwenye nakala, kanda mama ilikuwa nzuri. RTD ikaja kuunganishwa kwenye TUT mwaka 2002, halafu ikawa TBC, na kanda zake zikarithiwa. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi inazeeka, unga unabanduka, na ukishabanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watu wa Tanzania Heritage Project walipiga kelele kwamba kanda hizo zihamishiwe kwenye dijitali. Kila wimbo unaohamishwa ukiwa mzima ni mwalimu mmoja ameokolewa.

Na huku kwetu je? Likizo inakuja. Mnaoenda Karema, Mishamo, Katumba, Inyonga, au hapahapa Mpimbwe: kuna bibi ana nyimbo za kutwangia, kuna mzee aliyekuja kutoka Burundi mwaka 1972 ana nyimbo alizotoka nazo. Kwa mara ya kwanza katika historia yote hii maikrofoni iko mfukoni mwetu, hatuhitaji meli ya Bombay wala treni ya Tabora. Fanyeni hivi:

Omba ruhusa, ueleze ya nini. Tafuta chumba chenye mkeka na mapazia, zima feni, fukuza kuku. Weka simu kama mkono mmoja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isipige. Chagua WAV kama programu inakuruhusu. Kabla hajaimba, mwambie ataje jina lake, mahali na tarehe. Acha aimbe mpaka mwisho, hata dakika kumi na tano, hapa hakuna sahani ya kuisha. Usimkate kuuliza maswali. Kisha weka nakala mbili sehemu tofauti, na moja mpe mwenyewe. Usiipandishe popote bila yeye kukubali.

Sisi bendi tumeanza. Jumamosi iliyopita kabla ya ukumbi kufunguliwa tulining'iniza simu moja katikati ya chumba, tukapiga wimbo wetu dakika tisa. Mara ya kwanza tumba zilimeza kila kitu. Tukamrudisha mpiga tumba hatua nne, mzee wa solo akasogea mbele, mimi nikasogea nusu hatua. Mara ya tatu ikakaa. Rithim inasikika.

Anayetaka kuisikia aje chumbani na hedifoni zake. Sabufa iacheni hukohuko.

Naomba kuwasilisha. Jumatatu tuna tes nyingine, tuombeane.